Jina Chini ya Picha

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mabanga, semina ya siku moja kuhusu hakimiliki, kwa waandishi na wachapishaji wa huku kwetu. Waliotia sahihi ya mahudhurio, kumi na tisa. Waliokaa kwenye viti baada ya chai, kumi na wanne. Nilihesabu.

Ian Makokha ndiye aliyenituma. “Madam, enda wewe, utakuja kuniambia kwa ufupi.” Yeye ndiye anayechapisha kitabu changu, habari zangu za wakulima wa mahindi, miaka ishirini na tisa zimekaa kwenye faili. Kinaingia mtamboni Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa hiyo nilikwenda kama mtu anayekwenda kupimwa presha akijua yuko sawa.

Mwalimu alikuwa wakili Shafi wa Bungoma mjini. Kijana, anaongea polepole, hatumii mikono. Alisema habari yenyewe haina mwenyewe, mvua ya mawe ikipiga Kiminini si mali ya gazeti lolote. Chenye mwenyewe ni maneno uliyoiandikia na picha uliyoipiga. Hilo nalijua tangu zamani. Akasema ukiwa umeajiriwa, kazi yako ni ya mwajiri, ila kama mmeandikiana vingine. Hilo nililijua nusu. Kisha akasema hata haki ikiwa ya mwajiri, hata ukiwa umeiuza, haki ya kutajwa kwamba wewe ndiye uliyeifanya inabaki kwako, na ukifa wanaibeba warithi wako. Hili nilipiga mstari chini yake. Sikujua kwa nini.

Akauliza nani kati yetu ameshawahi kuandika “Picha: kwa hisani”. Mikono yote juu.

“Hisani ya nani?”

Jamaa mmoja wa redio, kule nyuma: “Ya WhatsApp, bana.”

Tulicheka sote. Shafi alingoja tumalize, akasema kwa hisani maana yake ulimwomba mtu akakubali. Kama hukumwomba mtu, hiyo ni njia ya adabu ya kusema umechukua tu.

Nimeandika “kwa hisani” mara ngapi? Mia tatu? Hata siwezi kukadiria.


Jumatano, 3 Septemba

Nimeanza kujiuliza hata maneno yangu mwenyewe ni ya nani. Gazeti letu lilifungwa 2009. Baba yake Ian alinunua mitambo, meza na kabati zote za kumbukumbu kwenye mnada. Ian: “Si tulinunua kila kitu, Madam?” Nikampigia Shafi. Anasema kununua kabati na karatasi zilizomo si kununua haki ya kuzichapisha. Haki huhama kwa maandishi. Basi ziko kwa nani? Inategemea. Barua yako ya kazi ilisemaje? Nimeitafuta, nimeipata. Ya 1996, imeliwa na mende pembeni, na inasema mimi ni “mwandishi wa eneo”. Mwajiriwa? Haisemi. Wa kujitegemea? Haisemi pia.

Mazungumzo ya dakika kumi na moja, “inategemea” mara nne.

Jioni nimekwenda kwa Ndirangu, aliyekuwa mhariri wetu na ndiye mkurugenzi pekee aliyebaki hai. Anafuga ng'ombe wa maziwa hapa nje ya Kitale. Ameandika barua kwa mkono kwamba chochote kampuni ilichokuwa nacho katika habari zangu na picha zilizoenda nazo, inampa Ian achapishe. Akatia sahihi juu ya kibao cha kukamulia. “Haya, nenda ulale,” akaniambia.

Shafi ameiona picha ya barua kwenye simu. Anasema inatosha kwa haki ya kuchapisha. “Imebaki tu uhakikishe majina ni sahihi.”

Majina ni sahihi. Yote ni jina langu.


Ijumaa, 5 Septemba

Ian aliweka jalada Facebook jana. Picha ya Novemba 1998, Mama Wilkista akimwaga gunia la mahindi mbele ya lango la ghala hapa Kitale, siku wakulima walipokataliwa kuuza mahindi yao. Mahindi yako hewani, hayajagusa lami. Watu wanaijua. Ilitoka ukurasa wa kwanza, ilitoka kwenye kalenda, ilinipa ngao ya mwandishi bora wa mikoa 1999, ngao hiyo iko ukutani mbele yangu ninapoandika. Nyuma ya kitabu Ian ameandika kwamba mimi ndiye niliyeipiga.

Leo saa nne asubuhi, simu. Mwanamke, sauti ya utulivu.

“Auntie Nelima? Ni Zaitun. Wa Issack Studio, Bungoma.”

Nikamwambia namkumbuka. Alikuwa mdogo, alikuwa akining'iniza picha zikauke kwa vibanio vya nguo.

“Auntie, sitaki kesi. Lakini ile picha ya jalada baba alikuwa anasema ni yake.”

Nikamuuliza alisema lini, mbele ya nani, kwa maneno gani. Swali la kikazi, limenitoka lenyewe. Akasema alisema mara nyingi, nyumbani tu, kalenda ikiwa ukutani. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisema “hii mimi”, basi, anaendelea kula.

Nilimuuliza anataka nini. Nilidhani nitasikia bei.

“Nataka jina lake liandikwe. Aaliyah wangu aliulizwa shuleni babu yake alifanya kazi gani. Akasema paspoti. Ati picha za paspoti. Miaka thelathini na tano alishika kamera, na hakuna mahali popote jina lake limeandikwa.”

Nikasema nitakuja kesho.


Jumamosi, 6 Septemba

Bungoma. Studio iko palepale, nyumba ya tatu kutoka msikitini, kibao kilekile: ISSACK STUDIO. Siku hizi ni lamination na kutuma fomu za serikali. Chumba cha giza, cha kusafishia filamu, kimekuwa stoo ya karatasi.

Niandike jinsi tulivyofanya kazi, maana nikiwaeleza watu wa leo hawaelewi. Gazeti lilinipa kamera moja. Issack, baba yake Zaitun, alikuwa na chumba cha giza, na alipenda kutoka. Kwa hiyo tulikwenda wawili. Nikiwa naandika, yeye anashika kamera. Nikimaliza, naichukua mimi. Filamu moja, mikono miwili tofauti. Jioni anaisafisha, anachapa picha moja au mbili, natia kwenye bahasha, bahasha inapanda basi la usiku hadi Nairobi. Na dawati la wahariri la Nairobi lilikuwa na kanuni moja tu. Jina lililo juu ya bahasha ndilo linaloingia chini ya picha. Bahasha nilikuwa naandika mimi.

Miaka kumi na moja hivyo. Hakuna aliyeona kosa. Mimi sikuona, na sidhani hata yeye aliona.

Zaitun alikuwa amelitoa daftari la baba yake la filamu. Tukafungua 1998. Novemba, tarehe kumi na saba, mwandiko wa Issack, herufi kama zimepigwa rula: “Nelima – gazeti – filamu 1 – fremu 36.”

Zaitun aliisoma mara mbili. Kisha akalifunga.

“Basi ni yako, Auntie. Ameandika mwenyewe. Nisamehe, nilikusumbua.”

“Daftari hili linaandika nini?” nikamuuliza.

“Mwenye filamu.”

“Linaandika aliyeileta.”

“Si ni kitu kimoja?”

Nikaufungua tena ule ukurasa. Si kitu kimoja. Lakini pia haimaanishi ni tofauti. Ningeweza kuwa niliyeileta na niliyeipiga. Aliniletea chai ya maziwa na mahamri. Akaniambia negativu zote za filamu ziko juu ya dari, kwenye makopo ya maziwa ya unga, atapanda kutafuta. “Nikizipata nitakutumia. Ni zako.”

Nimerudi na kichwa kizito. Nilikwenda na swali moja, nimerudi nayo manne.


Jumapili, 7 Septemba

Nimejaribu kuikumbuka siku ile, na ninayoikumbuka ni picha. Mahindi hewani, mdomo wa Wilkista wazi, mlinzi anageuka. Lakini hiyo ndiyo iliyochapishwa. Je, nilimwona Wilkista, au nimeiona picha mara elfu?

Shahidi angenijibu hivi, ningefunga daftari.


Jumatatu, 8 Septemba

Bumula, kwa Mama Wilkista. Anaishi kwa binti yake Nasike, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Ana miaka sabini na nane, macho mazuri kuliko yangu. Alikuwa anapembua maharagwe.

Nikamwonyesha jalada kwenye simu.

“Hii sura imezunguka,” akasema. “Nimekuta mpaka kwa kinyozi. Hakuna mtu aliniuliza.”

Nikamwambia ana haki ya kuuliza, wakili anasema sura ya mtu ni jambo lingine kabisa na hakimiliki, na sasa namuuliza. Akatazama maharagwe kwanza.

“Weka. Nilikuwa na nguvu hapo.”

Nikamuuliza nani aliyempiga picha ile.

“Si wewe?”

“Ulimwona nani ameshika kamera?”

“Nilikuwa nabeba gunia ya debe sita, mwanangu, ati niangalie kamera?” Nasike akacheka ndani ya nyumba. “Lakini ni wewe. Wewe ndiye ulikuwa unauliza-uliza. Huyo mwingine alikuwa kimya tu hapo kando, na kofia.”

“Huyo mwingine alikuwa na nini mkononi?”

“Sijui. Alikuwa kando.”

“Upande gani?”

“Nelima, wewe ni polisi siku hizi?”

Shahidi wa tatu upande wangu. Gazeti, daftari, na sasa aliyemo pichani mwenyewe. Nilikuwa nafunga mfuko ndipo akasema, kama mtu anayekumbuka alisahau chumvi:

“Na hayo mahindi hayakuwa yangu.”

“Namna gani?”

“Yangu nilikuwa nimeuza kwa broker wiki moja kabla ya hapo. Hiyo gunia ilikuwa ya jirani, Mama Nabwile. Yeye aliogopa polisi. Akaniambia Wilkista, wewe ndiye una kifua, mwaga.”

Maelezo ya chini ya picha, 1998, niliyoyaandika mimi: “Mkulima amwaga mahindi yake.” Miaka ishirini na saba! Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Hukuuliza ni ya nani. Uliuliza tu naitwa nani.”

Nimeiandika hii hapa kwa wino na nitairekebisha kwenye kitabu. Neno moja, “yake”, linatoka. Ni jambo jepesi. Lile lingine sijui niliweke wapi.


Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Shafi, nikamweleza ya Zaitun. Nikasema tuchukulie kamera ya gazeti, filamu ya gazeti, mtu wa pili asiye na mkataba, na mimi labda nilimwambia “piga hapo”. Mwenye picha nani?

“Inategemea. Kama gazeti lilimwagiza…”

“Gazeti halikujua yupo.”

“Basi kama wewe ulimwagiza kwa niaba…”

“Sikumbuki.”

“Na 1998 ilikuwa sheria ya zamani, Madam Nelima. Hapo mambo yanaongezeka.” Akaendelea. “Lakini wewe shida yako si mwenye haki. Barua ya Ndirangu inakusaidia kiasi, na huyo binti haombi haki ya kuchapisha. Shida yako ni nani alibonyeza. Hiyo si sheria. Hiyo ni habari.”

Nilikata simu bila kuaga vizuri. Kijana amenifundisha kazi yangu.


Alhamisi, 11 Septemba

Bahasha imefika kwa gari la vifurushi. Mkanda wa negativu, fremu sita, umefungwa kwa karatasi ya khaki. Zaitun ameandika kwa kalamu: “Zako Auntie. Kopo la nne.”

Nimeuegemeza kwenye kioo cha dirisha na kuupiga picha kwa simu, nikageuza weusi kuwa weupe. Fremu ya ishirini na mbili ndiyo yenyewe. Nimelinganisha na gazeti, punje moja baada ya nyingine kwenye tao lile la juu. Punje tisa, zote mahali pake. Mlinzi, kofia yake. Ni hiyo.

Lakini fremu ni pana kuliko picha ya gazetini. Upande wa kushoto dawati lilikata, kama sentimita mbili. Sijawahi kuuona upande huo. Nilituma picha kwenye bahasha usiku uleule, bado mbichi, sikuitazama ukingoni.

Upande huo kuna kiwiko. Mkono wa mwanamke, sweta ya kufuma, mafundo ya kusokotana kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Daftari la waya limefunguliwa. Kalamu iko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umeshika daftari, na una saa.

Sweta ile alinifumia mama, Desemba 1997. Naandika kwa mkono wa kushoto. Saa naivaa kulia.

Nimekaa. Nimechemsha chai, sikuinywa. Nimetafuta njia nyingine. Labda ni mwanamke mwingine mwenye sweta. Labda niliweka kamera juu ya kitu ikajipiga. Kamera ile haikuwa na uwezo huo, naijua, niliibeba miaka yote kumi na moja.

Fremu ya ishirini na tatu, Wilkista amekunja gunia tupu. Ya ishirini na nne, umati, umepinda kidogo kulia. Hiyo ni yangu. Nilikuwa napindisha hivyo daima, na Issack alikuwa akinicheka. Kwa hiyo kufikia hapo alikuwa amenirudishia kamera. Alikuwa amepiga moja tu, au kumi? Ni zipi zangu kati ya zile zote nilizotia jina? Kitabuni kuna picha arobaini na moja. Sasa sijui.

Nimeishusha ngao ukutani, nikairudisha. Ukuta una alama nyeupe nyuma yake.


Ijumaa, 12 Septemba

Naandika hapa kwa Ian, kwenye benchi la wateja, mtambo umewashwa. Saa saba na dakika tano.

Nilifika saa nne na fremu kwenye simu. Ian aliitazama, akaivuta ikawa kubwa, akairudisha.

“Madam, kiwiko si hati.”

“Ni changu.”

“Na daftari ya mzee inasema wewe. Gazeti inasema wewe. Mama mwenyewe wa Bumula amesema wewe. Hata binti ya mzee amekubali! Sasa wewe peke yako ndiyo unabisha?” Akashusha sauti, maana fundi wa mtambo alikuwa anasikiliza. “Hiyo ngao utarudishia nani? Si hata walioitoa walishafunga. Tuseme tu ‘Picha: kwa hisani’, tuende. Watu hawasomi hiyo maandishi ndogo.”

“Hisani ya nani?” nikamuuliza.

Akarudi kwenye kibodi. Yeye hakuwa Mabanga.

Tumefanya hivi hadi sasa. Nyuma ya kitabu, sentensi inayosema nilipiga picha ya jalada imetoka. “Yake” imetoka kwenye mahindi. Picha nyingine arobaini, Ian ameandika chini ya orodha ninachomsomea, kwamba zilipigwa na watu wawili kwa kamera moja na kwamba haijulikani ni ipi ya nani. Amesema inaonekana kama tumechanganyikiwa. Nikamwambia ndivyo ilivyo.

Jalada lilikuwa limekatwa kama la gazeti. Nikamwambia arudishe sentimita mbili za kushoto.

“Kitaonekana hicho kiwiko.”

“Kionekane.”

Amerudisha. Niko pale sasa, pembeni, nimeinama, naandika jina la mtu wakati jambo lenyewe linatokea mbele yangu na silitazami.

Imebaki nafasi ya jina. Mshale wa kompyuta unapepesa ndani yake. Ian ameandika “Picha: Issack” akageuka.

“Issack nani?”

Nimefungua simu. Kwangu ameandikwa “Issack Studio”. Kibao kinasema Issack Studio. Daftari lake lina majina ya watu wote wa Bungoma isipokuwa lake. Alipofariki 2016 nilifika jioni, walikuwa wamezika mchana, sikulisikia jina lake likitajwa. Zaitun ni Zaitun Issack, hainisaidii.

Miaka kumi na moja naye, na kazi yangu kuuliza watu majina yao matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Nimempigia Zaitun mara tatu, amezima. Ni Ijumaa, pengine bado wako msikitini. Fundi anasema mtambo umeshapata joto, hauwezi kungoja hadi jioni. Ian anagonga meza kwa kalamu.

“Madam. Issack nani?”

Saa saba na dakika kumi na mbili. Napiga tena.